Ndege wa Wizi

Baba yangu ni mkaidi, na nasema hivyo kwa heshima zote. Kwa miaka ishirini na minne kamera yake nyeusi ilikaa juu ya kabati, ndani ya mfuko wa ngozi, ikiwa na filamu ambayo haijamalizika. Namba ya juu yake ilisimama kwenye thelathini na nne. Picha zote thelathini na nne zilikuwa za mama yangu, na hakuna mtu aliyewahi kuziona, kwa sababu filamu ile ilikuwa haifunguliwi mpaka ipate ndege wa mwisho.

Lazima nieleze habari ya ndege, la sivyo mtadhani mzee wa watu ana wazimu.

Papa Asumani, ndiye baba yangu huyo, alikuwa mpiga picha wa mtaa wa Kabondo. Studio yetu ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ngazi za jumba la kifahari ambalo hakuna aliyejua liko wapi. Walikuja maharusi, walikuja watoto wa ubatizo na watoto wa Idi, walikuja watu wa picha ndogo za kadi ambao Papa aliwakemea wasipepese. Filamu moja ina picha thelathini na sita. Lakini Papa, alipoifunga ndani ya kamera, aliingiza ncha ndogo sana kwenye mhimili wa kuivutia, kiasi cha ukucha, ili filamu isipotee bure mwanzoni. Kwa njia hiyo alipata thelathini na nane. Zile thelathini na sita zilikuwa za wateja. Mbili zilikuwa zake, na Jumapili alipanda baiskeli akaenda kuzimalizia kwenye kinamasi cha Likele, mbele ya msitu wa Masako, kwa kupiga picha za ndege.

Mama aliwaita ndege wa wizi. Siku ya Jumatatu filamu zilitundikwa kukauka kwa vibanio vya nguo, na ukizitazama kutoka juu kwenda chini ungemwona bibi arusi, kisha karani mmoja aliyekaza shingo, kisha mapacha wanaolia, na mwisho kabisa yangeyange amesimama kwa mguu mmoja. Nilipokuwa mdogo nilifikiri filamu zote za dunia huishia kwa ndege.

Mama yangu, Safiya, ndiye aliyekuwa bwana wa chumba cha giza. Papa alipiga, Mama akasafisha. Mikono yake ilinuka dawa hata siku ya sikukuu, hata akipika lituma, zile ndizi za kuponda, na sisi tulikula bila kulalamika. Yeye ndiye aliyenifundisha kamera, si Papa. Nilikuwa na miaka tisa aliponishikisha ile nyeusi na kuniwekea kidole upande wa kushoto, penye kigurudumu kidogo cha kurudishia filamu.

"Angalia hii, Nyota," aliniambia, naye filamu aliiita pellicule. "Ukivuta pellicule, nayo inazunguka. Kama haizunguke, pellicule haitembee. Uko napiga hewa."

Na kila Papa alipofunga filamu kwa ile ncha ya ukucha, Mama alimpigia kelele kutoka nyuma ya pazia: "Asumani, siku moja itakuteleza!" Papa alicheka. Siku zile haikuwahi kumteleza.

Mama mwenyewe, tangu arusi yao, hakukaa mbele ya kamera kwa hiari hata siku moja. Alisema atapigwa akimaliza kazi, na kazi haikuisha. Albamu ya arusi yao iliondoka pamoja na masanduku yetu mwaka wa mabomu, majeshi yalipopigana mjini na watu wakaingia nyumba za watu. Kilichobaki ni picha moja ya kadi, ndogo kama kiberiti, ambamo Mama amekodoa macho kama mtu aliyeambiwa sasa hivi kwamba beseni lake limeibwa.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili, mwezi wa tano, tayari anaumwa, ndipo akamwambia Papa: "Nipige. Pellicule nzima, yangu peke yangu." Alijipaka hina miguuni, akachukua vitenge vitatu vya kubadilisha, wakaondoka kwa toleka mbili, yeye juu ya baiskeli moja na Papa juu ya nyingine. Mimi niliachwa kulinda studio. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilinuna, maana nilitaka kwenda. Jioni walirudi, Mama amechoka hadi midomo imekauka, lakini ana furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake kwa miezi. Alilala bila kula. Papa akaweka kamera juu ya kabati.

"Bado ndege," akasema.

Wiki tatu baadaye mabomu yakaanza, na siku ya nne ya mabomu homa ikamchukua Mama. Tulimzika kwa haraka, na watu wachache.

Baada ya hapo nilimwomba Papa tuisafishe ile filamu. Bado ndege, akasema. Nikamwambia Likele kuna yangeyange wengi kama kuku wa jirani, tupige mmoja tumalize. Akakataa. Ndege wa filamu ile, akasema, ni Bibi Arusi tu.

Sasa, Bibi Arusi ni jina alilotoa Mama. Ni ndege wa majini mwenye mgongo wa kahawia na madoa meupe, mdomo mwekundu, na miguu ya rangi ya chungwa iliyokolea, utafikiri ametoka kupakwa hina jana. Ana haya kupita kiasi. Huogelea chini ya matawi yanayoinamia maji, mwili umezama nusu, na akisikia kasia tu anapotea. Papa mwenyewe, kwa miaka yote ya wizi wake, alimpata mara moja tu. Na ndege huyu ndiye Papa aliyeniwekea kama sharti.

Nilifanya nini? Nilimtafuta. Miaka kumi na miwili baada ya Mama kufa studio ilinijia mimi, nikanunua kamera ya kisasa, nikapiga maharusi siku za wiki, na Jumamosi nikaenda Likele. Siku hizi kinamasi kimekuwa kimbilio la ndege, kina kibao njiani kinachosema kuwinda ni marufuku na kina mlinzi, Cyprien, ambaye zamani alikuwa mpiga makasia wa Papa. Nimewapiga pale fundichuma na kiota chao kikubwa cha ovyo, nimewapiga midiria wakiwa na samaki mdomoni, nimepiga ndege weusi wanaoanika mabawa kama nguo. Kwa miaka kumi na miwili Bibi Arusi alinipa mkia wake mara mbili.

Sikujali sana, nilidhani muda upo. Kisha macho ya Papa yakaanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, na kufika mwaka mpya mzee ataona mwanga tu. Tayari alikuwa ananitambua kwa sauti. Nilitoka hospitali nikakaa kwenye ngazi nje, na hapo nikaogopa vitu viwili. Cha kwanza, kwamba tutaisafisha filamu siku ambayo Papa hawezi tena kumwona mkewe. Cha pili nitakisema wazi, ingawa nakionea aibu: nilikuwa nimeanza kuusahau uso wa mama yangu. Nilikumbuka mikono, sauti, harufu ya dawa. Uso ulikuwa unaniponyoka, na nilichobakiwa nacho ni yule mwanamke wa beseni.

Jumatano moja Cyprien akanipigia simu.

"Nyota, Bibi Arusi iko hapa," akasema kwa kunong'ona, kama vile ndege angemsikia. "Siku tatu sasa. Iko napanda juu ya muti yenye ilianguka, karibu na ile muzizi mukubwa. Kuya mbio."

Nilimwendea Papa na habari hiyo nikitegemea atasimama acheze. Alikunja uso.

"Mayi iko mingi," akasema, yaani maji ya Likele.

"Apana, Papa, mayi imepunguka."

"Mugongo inaniuma."

"Tutakuwekea kiti mu pirogue."

"Na pellicule ilishaoza. Miaka yote ile na hii joto?"

"Papa! Dawa nimetengeneza, rafiki yangu wa université alinipa unga yake yote. Itatoka kidogo, itatoka. Samedi tunaenda."

Aligeukia ukuta. Mimi nilidhani ni ukaidi, na kwa hasira niliosha vyombo vya jikoni mara mbili.

Jumamosi tulifika Likele asubuhi, Papa nyuma yangu juu ya pikipiki, amekumbatia ule mfuko wa ngozi. Cyprien alimshika mkono hadi kwenye mtumbwi, akamkalisha juu ya kiti cha plastiki alichokikata miguu makusudi kwa ajili yake. Tuliingia polepole kati ya majani. Harufu ilikuwa ileile ya utoto wangu, ya matope na maua yanayooza, na Papa akainua pua kama mtu aliyerudi nyumbani na kukuta chakula kinapikwa. Akaanza kutaja ndege kwa sauti zao. Yule ni mdiria mdogo. Yule fundichuma, anagombana na mke wake. Hakukosea hata mmoja. Nikamtazama mzee wangu na kofia yake nyeupe na nikampenda sana, nikasahau kwamba tangu Jumatano nilikuwa nimemnunia.

Tulisubiri saa mbili chini ya kivuli. Tulikula lituma kwenye majani bila kusema. Kisha Cyprien akanigusa bega.

Bibi Arusi alitoka chini ya matawi, shingo ikienda mbele na nyuma, hana habari na sisi. Akafika kwenye mti ulioanguka na kupanda juu yake, na pale, juani, akasimama na miguu yake yote miwili hadharani. Nilimwekea Papa kamera mikononi nikamgeuza mabega kuelekea upande wa ndege.

"Piga wewe," akanong'ona, akanirudishia.

Ilikuwa mara ya kwanza kuishika kamera ile tangu Mama afe. Nikapiga. Ya thelathini na tano. Nikavuta filamu, na mkono wa kuvutia ukaja mwepesi, mwepesi mno. Bila kufikiri nikatazama kushoto, kama nilivyofundishwa. Kigurudumu kilikuwa kimetulia tuli.

Nikasema labda nimeona vibaya. Nikapiga tena, nikavuta. Thelathini na sita. Nikapiga na kuvuta tena, na tena, hadi nikapita thelathini na nane. Pale ambapo filamu yoyote ya dunia hii ingekuwa imekwisha na kukaza, hii iliendelea kuja tu. Bibi Arusi alichoka na kelele zangu, akateleza majini akaenda zake.

"Acha, Nyota," akasema Papa nyuma yangu. "Haina kitu."

"Haina kitu tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Cyprien aliinama akaanza kuchota maji ndani ya mtumbwi, ingawa hayakuwepo ya kuchota.

"Nilitaka kumupa yote," akasema Papa. Alizungumza akitazama magoti yake. "Thelathini na nane. Hata ile mbili ya ndege, nilitaka ikuwe yake. Basi niliingiza ncha kidogo kuliko siku zote, na ikateleza. Siku zote nilikuwa naangalia kamera. Siku ile sikuangalia kamera, niliangalia yeye. Ku thelathini na nne, Bibi Arusi akatoka. Mama yako akasema, mupige, acha miye, mupige! Nikainua, nikaona kigurudumu. Haikutembea hata mara moja, Nyota. Hata mara moja."

"Ungemuambia!"

"Ningemuambia nini? Alikuwa ameisha nguvu. Cyprien ndiye alimubeba kumutoa mu pirogue. Nilimudanganya, nikasema ndege imekimbia. Akasema, bon, basi usifungue hii pellicule mpaka umupate. Nikasema moyoni, Jumapili yenye inakuya nitamuambia, tutarudia. Jumapili ile hakuamuka ku kitanda." Akavua kofia. "Nilisikia haya. Miye, fundi, nimekosa kama apprenti wa siku ya kwanza. Na halafu wewe ukaanza kuuliza, nikasikia haya mara mbili."

Nilikasirika. Sitaandika yote niliyomwambia baba yangu ndani ya mtumbwi ule, na Cyprien ni mtu mwema, naye hajayarudia kwa mtu. Nilimwambia amenitembeza kwenye matope miaka kumi na miwili nikimfukuza ndege wa uongo. Nilimwambia amenizikia mama mara ya pili. Kisha nikafanya jambo ambalo utotoni ningechapwa kwalo: nikafungua mgongo wa kamera mchana kweupe.

Ilikuwa kama alivyosema. Ncha ndogo, imejikunja peke yake nje ya mahali pake, na filamu yote salama ndani ya kikopo chake, mpya, haijaona mwanga. Nililia pale, kwa sauti, kama mtoto.

Papa alikuwa amesikia mlio wa mfuniko. "Umefungua?"

"Nimefungua."

"Nipe."

Nilimpa kwa sababu sikuwa na nguvu ya kumnyima. Vidole vyake viliitafuta ile ncha, vikaikata kwa kisu cha Cyprien na kuinyoosha. Macho yake yalitazama miti ya ng'ambo. Alivuta kipande kirefu, kirefu kama kiganja, akakizungusha mara mbili, akafunga mgongo, akavuta huku amegusa kigurudumu kwa kidole cha shahada.

"Leo siibe," akasema. "Thelathini na sita, inatosha. Mama yako alikaa ku muzizi. Iko bado?"

"Iko, Papa," akasema Cyprien. Akatupeleka, mtumbwi ukasimama mbele ya ule mzizi mkubwa, hatua nne hivi kutoka ukingoni.

"Moja," akasema Papa. "Iko natengeneza kitambaa ya kichwa. Ananiambia ngoja. Sikungoja. Piga."

Nilimtazama. Kisha nikaweka jicho kwenye kitundu cha kamera, nikauona mzizi mtupu wenye ukungu wa kijani, nikapiga. Nilipovuta, filamu ilikuja nzito, na kigurudumu kikageuka.

"Mbili. Anaangalia mayi. Mukono iko ku shavu. Yangeyange moja inapita nyuma. Piga."

Nikapiga. Machozi yalikuwa yanajaza kitundu, sikuona mzizi wala nini, lakini nilimwona, wallahi nilimwona, mkono shavuni, jinsi alivyokaa akisubiri filamu zikauke.

"Tatu. Anaangalia kamera na anacheka. Alicheka mpaka nikamuambia atatikisa picha. Ya tatu, ya ine, ya tano, nikivuta tu, anacheka. Nikasema labda ni homa. Mpaka leo sijue alicheka nini."

"Ni kweli," akasema Cyprien. "Hata miye nilimuuliza. Aliniambia ninyamaze, fundi iko ku kazi."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nikakiondoa. Nilishusha kamera nikaitazama mikononi mwangu, kisha nikatazama mzizi. Kigurudumu kilikuwa pale juu, upande wangu wa kushoto, kinang'aa kwa jua. Mtu aliyekaa juu ya mzizi ule, akiangalia mbele, angekiona kama unavyoiona saa ya ukutani.

"Papa," nikasema. "Ni nani alinifundisha kuangalia kigurudumu?"

"Mama yako."

"Na siku ile alikaa wapi?"

Aligeuza uso kuelekea kwenye mzizi.

"Alikaa mbele yako, Papa. Mara thelathini na nne."

Kinamasi hakikunyamaza kwa ajili yetu. Fundichuma waliendelea kugombana, samaki mmoja akaruka. Papa alikaa juu ya kiti chake kisicho na miguu, na nilimwona akizipitia zote tena kichwani, moja baada ya moja, midomo ikihesabu.

"Alibadirisha kitenge mara mbili," akasema hatimaye. "Alijua, na akabadirisha kitenge. Na ni yeye alisema nisifungue." Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa pia anacheka, kicheko kile cha studio nilichokisahau. "Safiya!" akaita, kwa sauti ya kumkemea mtu aliye nyuma ya pazia. "Safiya, wewe mwanamuke!"

Tulimwacha mpaka akamaliza. Kisha akajipangusa uso kwa kofia, akaivaa tena, akanyoosha kidole kuelekea kwenye mzizi, sawasawa kabisa, kana kwamba anauona.

"Tatu haujapiga," akaniambia. "Piga. Iko nacheka."

Nikapiga. Nikavuta filamu, na kigurudumu kikazunguka.